Mitalawanda Mlangoni kwa Primitiva

Bibi arusi alikiri saa tatu kasorobo asubuhi, kabla kahawa ya Sajini Remedios Sañudo haijapoa. Hakupigiwa meza, hakutishwa, hakungoja hata kuulizwa. Aliketi, akaweka mikono mapajani, akasema:

"Ni mimi niliyekuwa naendesha. Mume wangu alikuwa amelala. Andikeni, nitie saini."

Koplo Ginés, aliyekuwa mbele ya kompyuta, alimtupia sajini wake jicho la furaha. Ilikuwa siku ya tatu wanahangaika na kifo cha Primitiva Abascal, ajuza wa miaka themanini na moja, aliyegongwa na gari Jumatano jioni kwenye ukungu, hatua arobaini kutoka mlangoni kwake, kijijini Bustaleja. Aliyemgonga hakumpigia mtu simu. Alimbeba hadi kwake, akamlaza kwenye benchi la mawe chini ya upenu, akamfunika gunia la chakula cha ng'ombe, akaenda zake. Vipande vya taa vilivyookotwa barabarani ndivyo vilivyowafikisha kwa maharusi hawa, waliokamatwa jana hotelini Llanes, mji wa pwani ulio mwendo wa saa moja na nusu, wakiwa na gari la kukodi lenye jicho moja. Bwana arusi alikuwa amemwambia mpokea wageni kwamba walimgonga paa.

"Mteja wangu amekiri kwa hiari yake," alisema wakili wa zamu, mama mnene aliyeitwa Otilia, huku akitazama saa. "Jaji anangoja saa sita. Tusichoshane."

"Hatutachoshana, mama. Maswali mawili matatu tu." Sajini alivuta faili. "Fuencisla Arranz, wa Segovia, miaka thelathini na miwili, muuguzi. Umeolewa lini, binti?"

"Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo leo."

Mwanamke akafikiri. "Basi wiki moja leo."

Fungate ilikuwa imetimiza siku zake saba, na imemalizikia kwenye chumba chenye kuta za rangi ya maji ya dengu na dirisha linalovuja. Sajini alimtazama vizuri. Alikuwa mwanamke wa mikono mikubwa, mikono ya kazi, na pete yake ilikuwa mpya mno kwenye kidole hicho.

"Baada ya kumgonga ulifanya nini?"

"Nilishuka. Nikampima mapigo shingoni. Alikuwa ameshakufa."

"Una hakika?"

"Mimi muuguzi, Sajini. Miaka tisa wodi ya dharura."

"Kisha?"

"Nikambeba mpaka mlangoni. Sikutaka aachwe barabarani."

"Peke yako?"

"Nimebeba wazito kuliko yeye."

"Na viatu vyake?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, bibi arusi alichelewa kujibu. Alimtazama wakili, akaitazama meza, akamtazama sajini.

"Viatu gani?"

"Alikuwa amevaa viatu. Ulivifanyaje?"

"Sijui. Nadhani vilibaki barabarani."

"Mtu aliyechanganyikiwa hakumbuki viatu," aliingilia Otilia.

"Kweli, mama," alisema Sajini Remedios, akafunga faili. "Hakumbuki."

*

Kwenye ujia Ginés alikuwa akisugua viganja. Alikuwa mtu wa Murcia, kusini kwenye jua. Miaka ishirini aliyokaa kaskazini hakuacha siku moja kulalamikia mvua, na alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu.

"Sajini, mimi nakuomba kama ndugu yako. Huyu kakiri. Taa ni yake, gari ni lake, saini ataweka. Mungu akikupa ndizi iliyomenywa usimwulize ganda liko wapi."

"Primitiva aliishi saa mbili, Ginés."

"Najua. Nimesoma."

"Umesoma, hukufikiri. Daktari aliyempasua kaandika mbavu nne, nyonga, damu ikivujia ndani polepole. Saa mbili. Muuguzi wa miaka tisa wa dharura ampime mtu shingoni, akose mapigo ya mtu aliyebakiza saa mbili? Basi ama alimpima akamkuta hai na anadanganya, ama hakumpima kabisa."

"Au ni muuguzi mbovu."

"Na mitalawanda?"

Ginés alishusha pumzi. Alijua watarudi hapo tu.

Watu wa bonde lile, mvua ikinyesha, na hunyesha karibu kila siku, huvaa viatu vilivyochongwa kwenye gogo moja la mti, vimeinuliwa chini kwa vijiti vitatu ili vikanyage tope bila kuzama. Huvivaa juu ya ndara laini za nyumbani. Ukifika mlangoni unavua, unaingia na ndara zako safi, na mitalawanda unaiacha chini ya upenu sambamba, pua zikitazama nje, ili ukitoka uitumbukie tu na kuondoka. Mtoto wa bonde hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusali, na akikosea hupigwa kofi na yeyote aliye karibu. Primitiva alikutwa amelazwa kwenye benchi, na mitalawanda yake iko pembeni ya mlango. Ilikuwa sambamba, pua zikitazama nje.

Ni hiyo mitalawanda iliyomponza Sajini Remedios. Alhamisi asubuhi alisimama mbele yake na kumwambia Ginés, akijisikia mwerevu: "Mtu wa mjini angeitupa. Huyu ni mtu wa hapa hapa." Na mtu wa hapa hapa aliyekuwa na ugomvi na marehemu alikuwa mmoja, Ceferino, jirani yake. Walikuwa hawajasalimiana miaka kumi na mmoja kwa sababu ya chemchemi moja ya maji. Tena gari lake la shamba lilikuwa na taa iliyovunjika. Sajini akamlaza ndani usiku mzima.

Asubuhi maabara ikasema taa ya Ceferino si ile, na alama ya kidole gumba iliyokutwa kwenye mtalawanda wa kushoto si yake. Ikabainika pia jinsi alivyokuwa wa kwanza kumkuta marehemu. Saa mbili usiku alikuwa amesikia ng'ombe wa Primitiva wakilia kwa kutokamuliwa. Miaka kumi na mmoja hakukanyaga ua ule, lakini ng'ombe wakilia mtu huenda. Alipofunguliwa hakupiga kelele. Alivaa kofia yake polepole akamwambia sajini: "Reme, mama yako alinipa fahali wake nilipokuwa sina kitu. Nashukuru amekufa kabla hajaliona hili." Tangu hapo, sajini alipoingia mkahawani, watu waligeukia vikombe vyao.

"Akili yako haikukosea," alisema Ginés, sauti imelainika. "Ulikosea mtu tu."

"Kamwambie hivyo Ceferino. Alama za huyu binti zimejibiwa?"

"Dakika kumi zilizopita. Kile kidole si chake."

"Sasa unanidai ndizi tena?"

Koplo akakuna kisogo. "Basi mume."

"Mume ni mtu wa mjini Valladolid, hajui tofauti ya mtalawanda na chombo cha kukorogea uji. Hivyo ndivyo alivyosema. Na yuko hapa kama shahidi. Siwezi kumshika mkono nikamtia wino kwa kuwa sipendi sura yake. Nahitaji sababu ya kumpelekea jaji, na jaji ni saa sita."

Alitoka uani, mvua ikimnyea, akafungua buti ya gari lake. Alikuwa na mitalawanda yake humo, ya kuendea bustanini, bado ina tope la kabichi. Akarudi nayo hadi kwenye mlango wa nyuma wa kituo, pale chini ya upenu ambapo askari huvutia sigara. Akaiangusha. Mtalawanda mmoja akausukuma kwa mguu ukalala ubavu, wa pili akaugeuza kichwa chini.

"Mama yako angekupiga kofi," alisema Ginés.

"Angenipiga mawili. Mlete bwana arusi."

*

Gonzalo Tejedor alikuwa na sura ya mtu aliyezoea kupendwa na walimu. Alikuwa na shati la pasi na miwani myembamba. Alisimama sajini alipoingia, akangoja akaribishwe kuketi.

"Bwana Tejedor, umeitwa kama shahidi. Nakukumbusha kwamba huyu ni mke wako. Sheria haikulazimishi..."

"Kumtolea ushahidi mwenzi wangu. Kifungu hicho nimekikariri, Sajini." Akatabasamu kwa unyenyekevu. "Nimefaulu mtihani wa mahakimu mwezi wa sita. Miaka sita ya kusoma. Januari naingia chuoni."

"Hongera. Si wengi wanaofaulu."

"Tulikuwa elfu nne."

"Basi unajua kuliko mimi. Unaweza kunyamaza, ukainuka, ukaenda kunywa kahawa. Hakuna atakayekulaumu."

Sajini alinyamaza makusudi. Alikuwa amewapa haki hiyo wanaume wengi. Wako walevi, wapigaji, wezi wa mifugo, watu wasiofaa kuachiwa hata kuku. Karibu wote walinyamaza. Wengine walilia, lakini walinyamaza.

"Nitasema," alisema Gonzalo. "Mtu anayetaka kuwa hakimu hawezi kuanza kazi kwa kuficha ukweli. Inaniuma, lakini Fuen ndiye aliyekuwa anaendesha."

Vidole vya Ginés vilisita juu ya kompyuta, kisha vikaendelea.

"Nieleze Jumatano," alisema sajini.

"Tuliondoka San Sebastián asubuhi. Tulitaka kufuata pwani mpaka Galicia, ndiyo ilikuwa ratiba ya fungate. Ukungu ukawa mzito pwani, tukakata kupanda milimani. Tukala mchana, maharagwe na kabichi na soseji, mgahawa sikumbuki jina. Nikanywa mvinyo, na juu yake vibilauri viwili vya ile pombe yenu kali ya zabibu. Yeye alikunywa maji. Kwa hiyo akachukua ufunguo."

"Halafu?"

"Nikalala. Niliamka tumekaribia Llanes."

"Taa imepasuka. Boneti imebonyea kama sufuria la kambi. Mtu mzima amerushwa. Wewe umelala."

"Nalala fofofo, Sajini. Muulize mama yangu."

"Ulipoiona taa?"

"Aliniambia ni paa. Nikaamini." Aliinua mabega. "Ni mke wangu. Nisipomwamini yeye nimwamini nani?"

"Na Alhamisi mkaendelea na fungate. Kwenye simu ya mkeo kuna picha. Mko mezani, mbele yenu bakuli mbili za wali wa maziwa."

"Mimi nilikuwa sijui kitu. Yeye ndiye wa kuulizwa aliwezaje kula."

Sajini Remedios alisikia mdomo wake unakuwa mchungu, na hakukuwa na kahawa ya kuusingizia. Alijilazimisha kuuliza swali linalofuata kwa sauti ileile.

"Bonde hili ulikuwa unalijua?"

"Hata kidogo. Tulipotea tu."

"Hujawahi kufika?"

"Sijawahi kufika."

"Andika hivyo, Ginés. Hajawahi kufika." Akainuka. "Humu hewa nzito. Unavuta sigara, bwana Tejedor?"

"Nilikuwa nimeacha kwa ajili ya arusi."

"Arusi imeshapita. Twende nyuma."

Walipita ujia, sajini mbele, kijana nyuma, Ginés mwisho. Sajini alifungua mlango, akairuka mitalawanda kana kwamba haioni, akasimama kwenye kona ya upenu akitafuta kiberiti mifukoni. Mvua ilikuwa imetulia kwenye manyunyu.

"Atafungwa?" aliuliza Gonzalo akitoka.

"Inategemea. Kama ni ajali na alidhani bibi amekufa, pengine asilale ndani hata siku moja. Hana kosa la nyuma. Hakunywa."

"Hakunywa hata tone," alisema Gonzalo, sauti imepata uhai. "Hilo ni muhimu, mlitilie mkazo. Ataondolewa leseni, atalipa faini, basi. Hospitali itamsimamisha kwa muda, lakini wauguzi hawatoshi nchi nzima, watamrudisha. Nitamsimamia mwenyewe, nitamtafutia wakili mzuri..."

Alikuwa akisema hivyo ameshainama. Mkono wake wa kulia uliuinua mtalawanda uliolala ubavu, wa kushoto ukaugeuza ule mwingine, akaikung'uta kidogo tope, akaisogeza kando ya mlango, sambamba, pua zikitazama nje. Akanyooka, akapangusa vidole kwa leso.

"...wakili wa Madrid, ikibidi," alimaliza. "Fuen ni mtu mwema, Sajini. Anastahili huruma."

Alimtazama Ginés, akamwona Ginés anatazama chini. Naye akatazama chini.

"Miaka ishirini niko huku," alisema Ginés taratibu, "na mpaka leo nikija kwa Sajini hunifokea kwamba nimeigeuza vibaya. Wewe hujawahi kufika."

"Nimeipanga tu. Mtu angejikwaa."

"Nipe kitambulisho chako," alisema sajini.

Alikuwa amekishika mara mbili tangu jana na mara zote mbili alisoma jina, akasoma Tejedor, akaridhika. Watu wote nchini humo hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na la mama ndilo lisilosomwa. Alijilaumu kimoyomoyo kwa uvivu ule. Sasa alisoma hadi mwisho wa mstari.

"Gonzalo Tejedor Samperio," alisema. "Samperio! Katika bonde hili ukirusha jiwe bila kulenga utampiga Samperio. Mama yako ni wa nyumba ipi, kijana? Ya juu kanisani au ya darajani?"

Gonzalo akajaribu kulitafuta tabasamu la mtihani, hakulipata.

"Bibi yangu alikuwa wa huku," alisema. "Alikufa nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nikiletwa likizo. Si kosa la jinai kuwa na bibi."

"Si kosa. Ila umetia uongo kwenye maelezo yako robo saa iliyopita. Ulitaka kumwonyesha mkeo nyumba ya bibi yako, ndiyo maana mkaiacha barabara ya pwani. Ukungu haukuwa pwani Jumatano, mwanangu. Ulikuwa huku. Na aliyejua njia ndiye aliyeshika usukani."

"Hilo ni dhana."

"Ni dhana. Lakini kwenye mtalawanda wa kushoto wa Primitiva kuna kidole gumba kisicho cha jirani wala cha mkeo. Ulimvua mitalawanda ukamlaza, kisha ukaipanga, kwa sababu bibi yako alikufundisha na mkono wako haujasahau. Hakuna maiti anayepangiwa viatu vya kuvaa akitoka. Ulivipanga kwa sababu alikuwa hai."

Gonzalo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayejibu swali la mwisho na kengele inakaribia.

"Mke wangu ameshakiri," alisema. "Una maungamo, una gari, una saini. Yeye mwenyewe kataka. Unatafuta nini tena?"

Kwa miaka yake yote ya kazi Sajini Remedios hakuwahi kutamani kumpiga mtu kofi kama alivyotamani wakati ule. Aliweka mikono mfukoni.

"Kuanzia sasa wewe si shahidi," alisema. "Ni mtuhumiwa. Una haki ya kunyamaza, na safari hii nakusihi uitumie. Ginés, mpigie jaji, mwambie tunaomba alama za vidole, na mtafutie huyu wakili. Hata asiye wa Madrid."

*

Saa tano na robo alirudi kwa bibi arusi. Otilia alikuwa ameshaambiwa, na hakutazama saa tena. Ginés akaketi kwenye kompyuta.

"Binti," alisema sajini, "maelezo yako ya asubuhi hayasimami. Najua nani alikuwa anaendesha. Najua nani alimbeba. Na bibi hakufa pale. Aliishi saa mbili."

Fuencisla hakustuka. Sajini aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Sheria inakupa haki," aliendelea. "Yule ni mume wako. Huwezi kulazimishwa kusema neno dhidi yake. Ukinyamaza sasa hakuna atakayekuuliza tena."

"Naye mlimpa haki hiyo?"

"Tulimpa."

"Akasemaje?"

Sajini alimtazama Otilia. Wakili akafikiri, kisha akaichukua karatasi mwenyewe akamsogezea mteja wake. Fuencisla aliisoma yote. Alipofika mwisho alirudi juu akaisoma tena, kidole kikifuata mistari, na pale palipoandikwa habari za kula wali wa maziwa kidole kilisimama kitambo.

"Alikuwa hawezi kusoma nyumbani kama kuna kelele," alisema. "Miaka sita nilifanya kazi za usiku ili mchana nilale na yeye apate kimya. Nilikuwa nikimsikilizisha vifungu Jumapili. Hiki cha mke na mume ni mimi niliyemsikilizisha. Kilikuwa kinampa taabu."

"Kunywa maji," alisema Otilia.

"Sitaki maji. Andikeni." Akageuza uso kwa Ginés. "Alikuwa anaendesha yeye. Nilimwambia aniachie, akasema barabara hii anaijua kama mfuko wake. Alipomgonga alisema, 'Usishuke, Fuen, nakuomba usishuke.' Akashuka peke yake. Dirisha lilikuwa wazi."

"Uliona nini?"

"Ukungu. Niliona anambeba. Halafu nikasikia."

"Ukasikia nini?"

Alikuwa akijikuna kidole cha pete bila kujua, mpaka pakawa pekundu.

"Nilimsikia bibi. Sauti yake ilikuwa nzima kabisa, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alimwuliza, 'Wewe ni wa nani, mwanangu?'"

Sajini Remedios alijikuta amefumba macho. Ndivyo wazee wa bonde humuuliza kila kijana wasiyemfahamu, njiani, kanisani, dukani, na swali halina ubaya wala udadisi. Ukitaja nyumba ya kwenu unakaribishwa ndani.

"Akamjibu?"

"Alisema, 'Si wa mtu, bibi. Lala.' Akarudi garini, akaniambia ameshakufa. Nikasema haya. Akasema wewe hukunywa, kwako ni ajali tu, kwangu ni maisha yote. Nikasema haya."

"Kwa nini ulikubali?"

"Nilidhani nikiibeba ajali, hakuna atakayeuliza la pili."

Otilia aliweka mkono juu ya mkono wake. "Fuencisla, ngoja. Hili la pili linakuhusu wewe. Huna lazima."

"Najua linanihusu mimi. Ndilo ninalolisema." Aliutoa mkono wake polepole. "Alipowasha gari, bibi alikuwa bado anaongea. Nikaongeza sauti ya redio. Hilo si yeye, ni mimi. Niliongeza mpaka nikawa simsikii."

Ginés alikuwa ameacha kuandika.

"Binti yangu," alisema sajini, na sauti yake ilitoka ikiwa imechoka, "wewe muuguzi. Ulikuwa hatua arobaini kutoka kwake. Kwa nini hukushuka?"

Fuencisla alimtazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo lililo wazi hivyo.

"Kwa sababu ningemkuta hai," alisema.

Sajini akamgeukia Ginés, akamwambia aandike.